Kidani cha Kulthum

Nitasema yangu, anayetaka kuniamini aniamini na asiyetaka basi. Nimeshachoka kula yamini. Nimeapa mbele ya mume wangu, nimeapa mbele ya mkwe wangu, na kila nikiapa naona mtu anatazama sakafu. Sasa siapi tena, nasimulia tu.

Mume wangu ni Bwana Madi, sonara wa Mkomani, hapa Amu. Mimi ni Tima, na mimi pia ni binti wa sonara. Baba yangu alinitia tupa ya kusugulia mkononi kabla mama hajanitia mwiko, kwa hiyo mtu asidhani nitazungumza habari za fedha kwa kubahatisha. Katika watoto wanne Mungu alituachia mmoja, Ridhwani. Watatu tuliwazika wadogo.

Ridhwani alikuwa na miaka ishirini na moja alipogombana na babake. Na waligombania nini? Pete! Kijana aliiacha pete ya mteja juu ya makaa kupita kiasi, ikayeyuka upande. Bwana Madi akamwambia mbele ya watu, "Mikono yako ni ya kubebea magunia, si ya kazi hii." Neno moja tu. Siku ya tatu mtoto hayupo. Tukasikia yuko Mombasa, amejiandikisha uaskari. Wakati ule vita vilikuwa vimepamba moto katika nti ya Wasomali na Wazungu walikuwa wakitafuta vijana. Alimwacha mkewe, Esha, ana mimba ya miezi minne.

Tulipata barua moja, imeandikwa na mkono wa mtu mwingine: salamu, mimi mzima, tunapelekwa mbele. Baada ya hapo kimya. Kulthum akazaliwa, akatambaa, akasimama, akaota meno na kuyang'oa, babake kimya.

Sijui kwenu, lakini kwetu mtu akipotea namna hiyo hujui umfanyeje. Huwezi kumsomea hitima, utakuwa unamzika hai. Huwezi kumwekea chakula, utaonekana umerukwa na akili. Mimi mamake nilikuwa na tumaini langu, nalilea kimyakimya. Lakini Esha, maskini, hakuwa mjane wala hakuwa mke. Kadhi alimwambia waziwazi, "Niletee yakini. Shahidi aliyemwona akizikwa, au karatasi ya serikali. Bila hayo wewe ni mke wa mtu." Na mtu wa kumwoa alikuwapo: Fadhil wa Shela, mchonga milango, mwanamume mpole asiye na makuu. Kila Idi alimtuma mamake kuja kutuuliza kama kuna habari. Kila Idi tulimpa kahawa na halua, tukamwambia hakuna.

Bwana Madi akaenda kwa Mahmud, karani wa forodhani, mtu pekee tuliyemjua anayeandika Kizungu vizuri. Mahmud akawaandikia wakubwa wa askari kule bara. Jibu likaja baada ya miezi mitatu: katika madaftari yao hakuna Ridhwani bin Madi. Vijana wengi, walisema, huandikisha jina lisilo lao ili jamaa wasije kuwatoa. Leteni namba yake ya uaskari. Namba haibadiliki.

Namba! Tungeipata wapi namba, sisi tuliobaki na barua moja ya salamu?

Hapo ndipo ugonjwa wa mume wangu ulipoanzia. Mahmud alimwambia kwamba kila askari wa vita vile hupewa nishani ya fedha, na kwenye ukingo wake, pale pembeni pembamba kama ukingo wa sarafu, hugongwa namba yake, jina lake na kikosi chake. Bwana Madi akasema, "Fedha yote ya visiwa hivi mwisho wake ni kwa sonara." Na kweli. Askari akirudi na shida zake, huileta nishani iyeyushwe itoke vikuku. Akifa, mjane huileta. Basi akaacha kuziyeyusha. Akaanza kuzinunua, na kila anayeleta anamwuliza: ulikuwa kikosi gani, ulimjua kijana wa Amu, ulimwona wapi mara ya mwisho?

Alijifunza herufi za Kizungu na umri wake ule, mtu wa miaka hamsini na tatu, kwa ajili ya ukingo wa nishani tu. Mpe kitabu, hawezi. Mpe nishani, atainamisha kitwa, ataigeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha na kukusomea. Akajua na aina zake. Iliyo na Malkia mwenye ushungi, na nyuma watu wanapigana msituni, hiyo ni ya zamani, ya vita vya Witu na mfano wake. Yenye utepe nusu manjano nusu nyekundu ni ya kabla Malkia hajafa. Na ile aliyokuwa akiitafuta yeye ni ya Mfalme mwenye ndevu, nyuma yake mwanamke amesimama na simba, utepe wa manjano wenye kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani. Nilizisikia habari hizo mpaka nikawa naziota.

Aliziweka wapi? Kwenye zidaka zangu za ukutani! Bakuli zangu za Kichina nilizoachiwa na nyanya yangu zikateremshwa, zikatiwa sandukuni, na kila kidaka kikapata nishani yake na kikaratasi cha jina chini yake. Mgeni akiingia anapokewa na Malkia. Nikamwambia, "Baba Ridhwani, nyumba hii ni ya kusali. Nyuso hizi zitakaa hapa mpaka lini?" Akanijibu, "Mpaka nimpate mmoja." Nikasema, na nilisema kwa sauti, na Esha alikuwapo, "Mimi naomba Mungu asinioneshe nishani ya mwanangu. Siku ikiingia humu ndiyo siku ya kumzika."

Nilisema hivyo si mara moja. Nilikuwa nikisema kila Idi, mama Fadhil akishaondoka. Ndiyo, nilisema. Mama gani anataka kujua? Na tena niseme ukweli wote maana nimeshaanza: nilijua yakini ikija, Esha ataolewa Shela, na Kulthum atamfuata mamake, na mimi nitabaki na zidaka. Sikutaka. Lakini kutotaka si kutenda.

Sasa nije kwenye hilo lenyewe.

Kulthum alikuwa anaingia mwaka wa sita. Siku moja alasiri akaja mwanamke wa Siyu, amejifunika gubigubi, akapita mlango wa ndani. Mwanamke wa heshima hasimami dukani kwa sonara mbele ya wanaume. Cha kwake hukileta kwa bibi wa nyumba. Ndivyo ilivyo kwetu. Mume wangu alipata za wanaume, mimi nilipata za wanawake: kipini kilichovunjika, mtali wa kuongezwa, vipande vya kuuza. Hesabu yake haikuwa hesabu yangu, na hakuniuliza wala sikumwambia.

Mwanamke huyo jina lake Kadija. Mumewe amefariki kwa homa, yuko kwenye mwezi wa pili baada ya eda. Akafungua kitambaa, akatoa nishani. Akasema, "Marehemu aliniambia niilete hapa kwa sonara." Nikaona ni maneno ya wajane wote, nani asiyemtaja marehemu akija kuuza kitu chake? Nikampa jozi ya vipuli, akaridhika, akanywa maji, akaenda zake. Mazungumzo hayakufika hata robo saa.

Na mimi, badala ya kumpa mume wangu, nikaificha. Kwa nini? Kwa hasira. Nilikuwa nimeshiba nishani. Nilisema moyoni, hii moja haitapanda kidakani, hii itakuwa kitu cha maana. Mjukuu wangu hakuwa na kidani. Mwana wa sonara na mjukuu wa sonara, shingo tupu, kwa sababu fedha yote ya nyumba imekuwa nyuso za Wazungu!

Lakini mtoto hawezi kutundikwa uso wa mtu shingoni, naye anafundishwa kusali. Basi nikatoa tupa ya baba yangu. Siku nne, kila Bwana Madi akienda msikitini na dukani, mimi nakaa uani nasugua. Nikaondoa uso wa mbele. Nikaondoa mwanamke na simba wa nyuma. Kile kiunzi cha juu cha kutilia utepe nikakikata, nikakitupia kwenye vipande vya kuyeyushwa. Kikabaki kisahani cheupe, chembamba, kizuri. Nikakipitisha shingoni mwangu kukijaribu, nikasikia ukingo unakwaruza. Ni zile herufi. Nikasema, hizi zitamtoa mtoto vipele. Nikazipiga tupa pande zote mpaka ukingo ukawa laini kabisa, nikaung'arisha kwa majivu, nikatia marijani tatu na uzi mwekundu.

Sikuzitazama. Ningezitazama ningeona nini? Mimi nasoma Kurani. Herufi za Kizungu kwangu ni mikwaruzo.

Bwana Madi alipoona kidani aliuliza, nami nikamwambia ni riale ya zamani, ya mama yangu, nimeisugua. Uongo mdogo wa ndani ya nyumba, wa kukwepa kelele. Akamshika mjukuu wake kidevu, akasema, "Umependeza, Bi Kulthum." Kulthum akazunguka mara tatu ili kidani kiruke. Mtoto akakivaa miaka mitatu, kuoga nacho, kulala nacho.

Katika miaka hiyo mitatu kulikuwa na siku moja ningeweza kusema. Kamaludin, yule baharia mstaafu mwenye mdomo, alikuja barazani kwetu na nishani kifuani akidai ni yake, amepigana kuliko simba. Bwana Madi akaiomba, akaizungusha, akaipima kwa uzi, akaupima uzi huo kwenye nishani nyingine. Akasema, "Bwana Kamaludin, hii imepungua kiuno. Jina la mtu limefutwa kwa tupa, lako limechorwa juu yake kwa msumari." Watu wakacheka, Kamaludin akawaka, akaondoka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia ya kahawa. Nikamsikia mume wangu akiwaambia waliobaki, taratibu, bila hasira, "Mtu akifa ugenini hana kaburi linalojulikana. Ana ukingo huu tu. Anayetia tupa hapa sijui atamwambia nini Mola wake."

Sinia ikainama, kahawa ikamwagika. Nilijua nimefanya jambo baya, nimefuta jina la mtu wa watu. Lakini nilifikiri ni la mtu mwingine. La yule marehemu wa Siyu, ambaye mjane wake anamjua na kaburi lake analo. Nikajiambia, limeshapita. Nikatengeneza kahawa nyingine.

Mwaka uliofuata akaja dukani mtu wa Faza, Amini, askari aliyemaliza muda wake, ana nishani ya Mfalme na utepe wake wote. Bwana Madi akaugeuza ukingo, akasoma, akauliza maswali yake yaleyale. Na safari hii mtu hakutikisa kitwa. Amini akasema, "Kijana wa Amu? Sonara? Wallahi namjua! Sisi hatukumwita jina, tulimwita Sonara. Alikuwa anatutengenezea pete kwa maganda ya risasi. Hii hapa." Akanyoosha kidole. Pete ya shaba nyeupe, na ndani yake, mahali ambapo pete huungwa, kazi safi kabisa, hata kiungo hukioni.

Bwana Madi aliingia ndani akakaa kitandani, akaniambia, "Mama Ridhwani, anaunga vizuri kuliko mimi." Halafu akalia. Nami nikalia, na Esha akalia, na Kulthum akalia kwa kutuona sisi.

Amini alihamishwa kikosi kabla ya wengine, hakujua mwisho wa Sonara. Jina aliloandikisha hakulijua pia. Lakini alisema, "Muulizeni Barka wa Siyu. Hao walikuwa wakila sahani moja."

Mume wangu akaondoka kesho yake kwenda Siyu. Alikaa siku tatu. Siku tatu hizo Esha alifua kila kitu humu ndani, hata mapazia yaliyo safi. Aliniuliza, "Mama, akirudi na yakini, utaniruhusu niende?" Nikamjibu, "Wewe si mtumwa wangu." Nilijibu kwa ukali kuliko nilivyotaka. Siku zile nilikuwa na roho juu.

Alirudi adhuhuri. Sikusikia salamu. Nilimwona tu amesimama mlangoni mwa ndani, vumbi mpaka magotini, anamtazama Kulthum aliyekuwa mkekani anachambua mchele na mamake.

"Kulthum," akasema, "ndoo kwa babu."

Mtoto akaenda. Akamvua kidani kwa mikono miwili, akakiweka kiganjani, akakipandisha na kukishusha kama anavyopima. Akakigeuza ukingo kwenye mwanga. Akapitisha ukucha pande zote, polepole, mzunguko mzima.

"Bi Tima. Riale hii uliipata wapi?"

Nilitaka kusema tena ni ya mama yangu.

Akasema yeye. Barka alirudi Siyu mgonjwa, akaishi siku kumi na tisa. Sandukuni mwake mkewe alikuta nishani mbili. Moja yake, ambayo Bwana Madi ameiona kwa mato yake, jina kamili na namba kamili. Ya pili, Barka alimwambia Kadija akiwa kwenye homa, "Hii ipeleke kwa sonara wa Mkomani, Amu. Mwenyewe alisema ifike kwao." Zaidi ya hapo hakusema kitu cha kueleweka. Kadija alipomaliza eda aliileta. Wala hakukosea nyumba, ilifika. Imekaa miaka mitatu shingoni mwa binti wa mwenyewe.

Esha alinyanyuka, mchele ukamwagika mkekani. Hakupiga kelele. Alikuja akakishika kile kisahani, akakigeuza huku na huku akitafuta maandishi, na maandishi hakuna.

"Namba iko wapi?" akauliza. Alimwuliza babamkwe wake, si mimi.

Bwana Madi alileta jiko la makaa, akaliweka uani, na bakuli la maji ya ukwaju. Alisema, bila kumtazama mtu, "Herufi hizi hazichorwi, hugongwa kwa nyundo. Kilichogongwa huingia ndani kuliko kinavyoonekana. Ikipata moto huenda ikarudi." Akavukuta mwenyewe. Akakishika kisahani kwa koleo, akakipeleka motoni, akakitoa, akakizamisha, kikalia. Akakitazama. Akakirudisha. Sijui mara ngapi. Jasho lilimtiririka ndevuni, na mimi nimekaa pale nimekumbatia magoti, namwomba Mungu jambo ambalo miaka yote nilimwomba asinioneshe.

Ikarudi kidogo. Kwenye ukingo ulioungua weupe kikatokea kivuli, ukikitazama moja kwa moja hukioni, ukikiinamisha unakiona. Bwana Madi akasoma kwa sauti. Mwanzo tarakimu moja: moja. Halafu patupu. Tupa yangu ilikuwa imeingia hapo zaidi, ndipo mahali nilipoanzia, nguvu zilikuwa bado mpya. Halafu patupu tena, ambapo lilikuwa jina lake la kujitungia. Halafu, mwisho wa jina, wazi kuliko vyote: bin Madi, na baada yake, penye kikosi, patupu.

Mume wangu akakaa chini, kwenye mawe ya ua. "Hakulikataa jina langu," akasema. "Nilimtukana mbele ya watu, akaenda akabadilisha jina lake, langu akaliacha." Alirudia hivyo mpaka nikataka kuziba masikio.

Mahmud akaandika tena: namba inaanza na moja, mwisho wa jina ni bin Madi, rafiki yake ni Barka wa Siyu. Tukangoja. Miezi miwili hiyo Esha alipika, akatenga, akaondoa. Kulthum aliuliza kidani chake mara moja, mamake akamwambia, "Ni cha babako sasa."

Jibu lilikuja na Mahmud akalisoma barazani, mimi na Esha nyuma ya pazia. Wakubwa wa askari walikuwa wametafuta kweli, siwezi kuwalaumu. Katika kikosi cha Barka, wenye namba ya kuanzia moja na wanaoitwa bin Madi ni watatu, na wote watatu walipokea nishani. Mmoja alikufa kwa kuhara kambini, miaka minne iliyopita, akazikwa huko. Mmoja alimaliza muda, akapokea haki yake Mombasa, akaondoka kwa hiari yake, anakokwenda hakuandika. Mmoja alitoroka na bunduki na bado anatafutwa. Barka hakuwasaidia, maana alikuwa kambi moja na wote watatu. Tupeni namba kamili, waliandika, nasi tutawaambia siku hiyo hiyo ni yupi.

Siku hiyo hiyo!

Bwana Madi alikipeleka kisahani motoni tena, na tena, mpaka kikaanza kujikunja, akaogopa kukipoteza chote, akaacha. Esha alienda kwa kadhi na barua. Kadhi alimsikiliza vizuri, akamwonea huruma, akasema mmoja katika watatu si yakini. Akiwa amekufa, Esha ni mjane. Akiwa amemaliza muda, ana mume aliyemtelekeza, na hilo lina ndia yake. Akiwa mtoro, lina ndia nyingine. "Lakini sijui nikufungulie mlango upi, binti yangu." Idi iliyofuata mama Fadhil hakuja. Tulisikia Fadhil ameoa hukohuko Shela.

Siku niliyosikia hivyo nilimfuata Esha uani. Alikuwa anaosha mchele. Alisema bila kugeuka, "Mama, kila Idi ulikuwa ukisema Mungu asikuoneshe nishani ya mwanao. Nakuuliza mara moja tu, na sitakuuliza tena. Ulijua?"

Nikaapa. Nikaapa kwa Mungu na kwa Mtume na kwa watoto wangu watatu walio chini ya ardhi. Aliniacha nimalize.

"Kadija alikwambia marehemu ameagiza iletwe hapa," akasema. "Utepe uliuona. Miaka mingapi Baba anatwambia manjano, kingo nyeusi, mistari miwili ya kijani? Hata Kulthum alikuwa anaimba. Ukaondoa uso, sawa, ni wa sala. Ukaondoa na ukingo. Ukasema ni riale." Akamwaga maji ya mchele. "Haya, Mama."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyoniita Mama. Sasa naitwa Bi Tima. Tunaishi nyumba moja, maana hana pa kwenda, sheria imemfunga humu na mimi ndiye niliyemfungia. Sahani yangu huja kwa wakati, wali hauna kasoro. Ningependa anitukane. Bwana Madi hakunilaumu hata neno. Ameziondoa nishani zote zidakani, amewarudishia watu wa majina yale waliokuwa karibu, na bakuli zangu za Kichina amezipanga mwenyewe mahali pake.

Na lile la utepe, Esha hakulijua lote. Nilipoukata siku ile ulikuwa mchafu, umekakamaa. Nikaupeleka puani. Ulinuka jasho, jasho la mwanamume, na moshi wa makaa, na ndani yake kitu nilichohisi nakijua, nikafikiri ni harufu ya duka letu, maana nguo zetu zote hunuka hivyo. Nikasema, "Uvundo wa maaskari huu," nikautupa kwenye makaa ya jiko, na sufuria ya mtoto ilikuwa juu yake inachemka.

Nilimzaa mimi, nikamnyonyesha miaka miwili. Sasa nikikaa peke yangu huwa najiuliza swali la Esha, na jibu nililokuwa nalo siku ile silioni tena.